Kwa madaktari wanaoanza kushika leza ya tezi dume

Jumatatu iliyopita, katika raundi ya asubuhi, nilimsikia daktari mmoja kijana akimwambia mgonjwa, "Baba, usiwe na wasiwasi, hii ni leza, haina madhara." Nilinyamaza kwa sababu daktari hakemewi mbele ya mgonjwa mwenye hofu, lakini maneno hayohayo niliwahi kuyatamka mimi, na namkumbuka mtu aliyeyalipia.

1. Usiwashe mashine ya kusagia vipande vya tezi vilivyosukumwa kibofuni mpaka damu iwe imedhibitiwa na kibofu kimejaa maji. Kibofu kilichosinyaa huvutwa kwenye kisu kabla jicho lako halijauona ukuta wake.

2. Zungumza na mgonjwa habari ya manii kabla hajaweka saini. Hapa naomba mnivumilie.

Nilipokuwa bado mgeni katika HoLEP, yaani kuitoa tezi dume kwa leza ya holmiamu, alikuja mzee wa miaka 64, tezi yake ikiwa na ujazo wa mililita 110, dawa zimemshinda, naye akiamka mara sita kila usiku. Nilimweleza kwa fahari kwamba mwanga wa holmiamu, wenye nanomita 2,140, hunyonywa upesi na maji na kupenya chini ya nusu milimita ya nyama, ndiyo maana hukata huku ukiziba mishipa ya damu. Nilimweleza pia kwamba tunaosha kwa maji ya chumvi, si kwa glaisini ya TURP ya zamani, ile ya kukwangua tezi kwa waya wa umeme, hivyo sodiamu ya damu yake isingeshuka kwa namna ile iliyokuwa ikitutisha. Katika faili niliona ana watoto sita, nikaamua peke yangu kwamba suala la uzazi limekwisha. Sikumuuliza.

Upasuaji ulikwenda vizuri, mpira wa mkojo ulitolewa siku ya pili, akakojoa kwa nguvu na kuniombea dua. Baada ya miezi minne alirudi, akasubiri muuguzi atoke, kisha akasema, "Daktari, raha ninaipata, lakini hakitoki kitu." Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki, alikuwa ameoa tena mwaka mmoja kabla ya upasuaji, na yule mke mpya, ambaye hakuwa na mtoto, alikuwa ameshaamini kwamba mumewe anamalizia kwingine.

Nilimwita mama yule ndani, nikawachorea shingo ya kibofu ilivyobaki wazi baada ya tezi kutolewa, na jinsi manii yanavyorudi nyuma kibofuni na kutoka na mkojo. Niliwaambia kwamba hali hiyo haidhuru mwili, kwamba huwapata wengi wa wanaofanyiwa upasuaji huu, na kwamba mbegu zinaweza kutafutwa katika mkojo ulioandaliwa, ingawa njia hiyo ina gharama na haina uhakika. Mama alilia kwa kumwonea mumewe huruma. Mzee hakunigombeza, alisema tu, "Ungeniambia, mwanangu, ningevumilia kwanza." Sijapata kusahau kwamba aliniita mwanangu.

Kwa hiyo muulizeni kila mwanaume, hata mwenye mvi na wajukuu, kama bado anatarajia mtoto, na muulizeni akiwa peke yake, kwa Kiswahili cha nyumbani.

3. Maji ya kuoshea kibofu yasiishe usiku. Mfuko ukikauka saa nane, mabonge ya damu huziba mpira kabla ya alfajiri, na atakayeshinda akivuta kwa bomba la sindano ni muuguzi, si wewe uliyelala.

4. Nyama yote iende patholojia, na PSA, kipimo cha damu kinachosaidia kushuku saratani ya tezi, ipimwe upya baadaye, kwa kuwa hushuka sana. Inayopanda kutoka katika kiwango hicho kipya ichunguzwe, hata ikiwa bado chini ya 4 ng/ml, mpaka tuliouzoea.

Mgonjwa wa Jumatatu anaingia thieta kesho. Fomu yake ya ridhaa nimeirudisha mezani kwenu. Mkewe huja saa kumi. Nendeni kabla hajafika, mvute kiti, mkae.