Atropini hufuata kifua: kwa wanaoanza zamu ya dharura

Magu, Kwimba, Misungwi na Sengerema, mkoani Mwanza, kunalimwa pamba, na dawa ya kupulizia hukaa nyumbani, mara nyingine kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Kwa hiyo jifunze mapema sumu za jamii ya oganofosfeti, zilizomo kwenye nyingi ya dawa hizo za wadudu. Mboni za macho zimesinyaa hadi nukta, mate na jasho vinamwagika, suruali imelowa, misuli inachezacheza, kifua kinakoroma. Wakikuletea chupa yenye lebo, soma kiambato; jina la biashara halikusaidii.

Vaa glavu, mvue nguo zote, muoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia. Wengi huruka hatua hii kwa haraka, na sumu inaendelea kuingia kwa ngozi huku ninyi mnahangaika na mshipa. Mlaze ubavu wa kushoto, fyonza mate, weka oksijeni. Oksijeni ikikosekana, atropini, dawa ya kupambana na sumu hii, isisubiri. Maziwa waliyomnywesha nyumbani hayajaua sumu. Yamejaza tumbo tu, na akitapika yataingia mapafuni.

Mtu mzima anza na atropini 2 mg kwenye mshipa. Mtoto, 0.05 mg kwa kila kilo. Baada ya dakika 5 sikiliza kifua: kama hakuna nafuu, toa dozi maradufu, yaani 4, kisha 8, kisha 16. Hapa ndipo wageni hukwama: wanaona mapigo 120, wanaogopa kuendelea. Mapigo ya kasi si sababu ya kusimama ikiwa mapafu bado yamejaa majimaji. Mboni nazo huchelewa kufunguka, usizisubiri. Unachotafuta ni mapafu makavu pande zote mbili, mapigo zaidi ya 80, presha (namba ya juu) zaidi ya 80, na kwapa kavu ukiipapasa.

Sasa piga hesabu. 2 na 4 na 8 ni 14. Boksi la ampuli 10 za 1 mg limeisha dozi ya tatu ikiwa njiani. (Soma ampuli kila mara, zipo za 0.6 mg.) Kifua kikikauka baada ya dozi hiyo ya tatu, unaendelea na dripu ya asilimia 10 hadi 20 ya jumla kila saa: kwa mgonjwa huyu ni 1.4 hadi 2.8 mg. Anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa kivuko atakuwa majini saa kadhaa, na katikati ya ziwa hakuna wa kuazima. Beba ampuli za njia nzima.

Akianza kuweweseka, joto likapanda na tumbo likanyamaza, umezidisha. Simamisha dripu, mpime kila nusu saa, kisha rudi kwa kiwango pungufu. Degedege ni diazepamu 10 mg kwa mtu mzima, polepole.

Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa ni kesi nyingine kabisa: usimtapishe, usimpe mkaa wa dawa. Hatari yake iko mapafuni.

Unapokabidhi zamu, mwambie mgonjwa ainue kichwa kwenye mto. Akishindwa, hata kama kifua ni kikavu na anaongea, upumuaji unaweza kugoma kati ya siku ya kwanza na ya nne. Asipelekwe wodi ya kawaida.