Nimeuawa na mtu au na namba?

Wiki hii mmeuliza: michezo ya kufyatuliana risasi mtandaoni hubadilishwa kila baada ya wiki chache, je, kuna haja ya mchezaji wa kawaida kufuatilia masasisho hayo? Mimi ni mchezaji wa kawaida kabisa. Sishiriki mashindano wala sirushi mechi zangu kwa watazamaji. Jibu langu ni ndiyo, haja ipo, ila sababu yangu si ile inayotajwa mara nyingi, yaani kuiwahi bunduki kali kabla wenzako hawajaigundua. Nafuatilia masasisho ili nikiuawa nijue kilichoniua: mtu aliyenizidi, au namba iliyobadilishwa juzi.

Wasioicheza michezo hii hudhani badiliko lazima liwe kubwa ndipo lionekane. Chukua mchezo ambao kila mtu huanza na pointi 100 za uhai. Bunduki inayopunguza pointi 34 kwa kila risasi huua kwa risasi tatu. Waundaji wakiishusha hadi 33, risasi tatu zinaondoa 99 na adui anabaki amesimama na pointi yake moja, kwa hiyo inahitajika risasi ya nne. Bunduki hiyo ikiwa inatema risasi 600 kwa dakika, kila risasi huifuata iliyotangulia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kazi iliyokuwa ikichukua sekunde 0.2 tangu risasi ya kwanza sasa inachukua 0.3. Imeondolewa pointi moja tu, na muda wa kuua umeongezeka kwa nusu nzima! Katika nafasi hiyo mtu mwepesi ameshajitupa nyuma ya ukuta, nawe unaanza kushuku macho yako, kipanya chako, hata umri wako. Mstari mmoja mkavu wa tarakimu unaweza kuugeuza mchezo kuliko ramani mpya iliyotangazwa kwa mbwembwe zote.

Mfano mzuri wa jambo hili ulitokea Desemba 2015, pale Counter-Strike: Global Offensive ilipoongezewa bastola ya R8. Siku zake za mwanzo bastola hiyo ilikuwa ikimwangusha adui kwa risasi moja ya mwilini hata akiwa mbali, kazi ambayo katika mchezo ule ni ya AWP, bunduki ya mdunguaji ambayo kuinunua ndani ya mechi kunagharimu mara kadhaa ya bei ya bastola. Uchumi wote wa mechi, yaani pesa za mchezoni ambazo wachezaji hununulia silaha, ukapoteza maana. Kampuni ya Valve, waundaji wa mchezo huo, haikungoja mwezi. Ndani ya siku chache makali ya R8 yalipunguzwa. Aliyecheza siku zile bila kusoma chochote alikuwa na haki ya kuamini kwamba amesahau kucheza, kumbe hakuna alichosahau.

Miaka saba baadaye, Novemba 2022, mchezo huohuo uliigusa AWP yenyewe: magazini yake ikashuka kutoka risasi 10 hadi 5. Maumivu ya risasi, yaani pointi inazoondoa, hayakubadilishwa, wala uzito wa bunduki, ni hesabu ya risasi tu. Lakini mdunguaji aliyezoea kufyatua ovyo ndani ya moshi akibahatisha sasa ana nafasi tano, na baada ya hapo lazima ajaze upya huku akiwa hana ulinzi. Aliyesoma sasisho hilo alijua kuhesabu milio. Asiyesoma aliendelea kuuogopa mlango uleule kwa woga uleule wa zamani. Mimi hapa ndipo ninapoona utamu wa kufuatilia: namba moja ikibadilika, tabia za watu kumi ndani ya ramani hubadilika nayo, na ukiielewa namba hiyo unaanza kuwasoma watu.

Wapo wanaosema michezo ya zamani ilikuwa bora kwa sababu ilikuwa haibadiliki. Siamini. Counter-Strike yenyewe ilianza mwaka 1999 kama nyongeza ya bure iliyotengenezwa na wapenzi wa Half-Life, mchezo wa Valve, ikawa inatolewa toleo baada ya toleo huku ikirekebishwa kwa maoni ya waliokuwa wakiicheza, kabla Valve haijaichukua na kuitoa rasmi mwaka 2000. Sasisho na mchezo wa risasi wa mtandaoni ni chanda na pete tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kasi yake, na ukweli kwamba siku hizi huwezi kukataa: seva, ile kompyuta ya kampuni inayoendesha mechi, ikihamia toleo jipya, nawe unahamia au unabaki nje. Septemba 2023 Counter-Strike 2 ilipofika, ilichukua mahali pa Global Offensive palepale, na waliokuwa na mapenzi na ule wa zamani hawakuulizwa.

Kuna aina nyingine ya kifo ambayo huwakera watu kuliko zote: umeshaingia nyuma ya ukuta, umepumua, kisha unaanguka. Watu hupiga kelele kwamba mchezo umeharibika. Hapana, mara nyingi ni mtandao ukifanya kile ulichopangiwa. Picha anayoiona aliyekufyatulia inachelewa kidogo, na seva, ili isimwonee, hurudi nyuma sehemu ndogo ya sekunde na kuangalia yeye aliona nini alipobonyeza. Kama machoni pake ulikuwa bado uko wazi, risasi yake inahesabiwa. Pia seva yenyewe haioni muda kama mto usiokatika. Seva rasmi za Global Offensive zilikuwa zikiigawa sekunde katika vipande 64, kila kimoja takriban milisekunde 16, na ndani ya kipande kimoja hazikuweza kutofautisha nani alitangulia. Mchezo mwingine, Valorant, ulipotoka mwaka 2020 ulijinadi kwa seva za vipande 128. Counter-Strike 2 ikaja na njia nyingine, kurekodi wakati halisi wa kila kitendo hata kikitokea katikati ya vipande viwili. Mtu akijua haya, sasisho linalosema “tumerekebisha usajili wa risasi”, yaani jinsi seva inavyoamua risasi ipi imegonga, halimpiti hivihivi. Anaelewa kwamba kona aliyoizoea, ile ambayo alikuwa akichungulia na kurudi, huenda leo isimlinde kama jana.

Mdogo wangu hucheza nami skwadi moja. Kuna msimu alianza kulalamika kwamba kila mechi imejaa wadanganyifu. Aliuawa kwa risasi mbili za kichwa na bunduki ambayo siku zote alijua inahitaji tatu, akaripoti watu, akagombana na wageni kwenye kipaza sauti, akafikia kusema ataufuta mchezo. Nilimtumia maelezo ya sasisho la wiki ile. Humo, katikati ya orodha ndefu, ilikuwapo sentensi moja: kizidishi cha risasi ya kichwa, yaani namba inayozidishia maumivu yake, kwa bunduki za jamii ile kimepandishwa. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo sasa nisisimame wapi?”

Swali hilo ndilo ninalolitetea katika barua hii yote. Mtu anayedhani ameonewa hauulizi mchezo chochote, anaulaani tu. Na kuna upande wa pili ambao hatuusemi vya kutosha: yule mgeni aliyeripotiwa alikuwa amelenga vizuri, akastahili pongezi, akaitwa mwizi. Udanganyifu upo, tena mwingi, na programu zinazomlengea mtu shabaha ni tauni. Lakini kila shutuma ya uongo inayotokana na kutojua namba mpya huipunguzia uzito shutuma ya kweli.

Sisomi kila kitu. Mavazi ya wahusika na rangi za bunduki naziruka bila kutazama nyuma. Pasi ya msimu, yenye kazi za kila siku na zawadi zinazoisha muda, siihesabu kuwa ni kufuatilia mchezo hata kidogo. Ile ni mbinu ya kukufanya uogope kupumzika, na nasikitika kuwaona watu wakiichanganya na ujuzi. Macho yangu huenda kwanza kwenye maumivu ya risasi na umbali ambao yanaanza kupungua, kisha mwendo wa mchezaji, maana kuruka au kuteleza kukibadilishwa kidogo tu mapambano yote ya ana kwa ana hubadilika. Baada ya hapo naangalia ramani zilizoingia na zilizotoka. Hitilafu zilizorekebishwa nazisoma pia, kwa sababu mara nyingine ile mbinu niliyodhani ni ya kwangu ilikuwa hitilafu.

Video za “bunduki mpya isiyozuilika” zinazotoka saa chache baada ya sasisho naziacha zipite. Anayetengeneza video hiyo hajacheza vya kutosha kujua, na wanaoitazama wataibeba bunduki hiyo jioni hiyohiyo, kwa hiyo kila anayeuawa nayo atathibitisha alichosikia. Ningoje siku tatu nne, nione wenyewe wenye kujua wameitupa au wameing’ang’ania. Kuna wakati kelele zinakuwa za kweli: bunduki ya DMR 14 katika Call of Duty: Warzone, mwanzoni mwa 2021, ilitawala mechi mpaka ikapunguzwa nguvu. Hata hivyo, wiki zile zilinifundisha zaidi kuhusu kukaa mbali na uwanda wa wazi kuliko kuhusu DMR yenyewe.

Pingamizi kubwa naliheshimu, nalo ni la ukubwa wa mafaili. Warzone pamoja na mchezo uliouzaa ilifikia kuvuka gigabaiti 200 kwenye kompyuta za baadhi ya wachezaji. Mtu mwenye diski ndogo, au anayepimiwa data, anaambiwa achague kati ya mchezo mmoja na kila kitu kingine alichonacho. Tena kwa kuwa picha na sauti hufungwa pamoja katika mafurushi makubwa, kugusa kitu kidogo kunaweza kulazimu furushi zima lipakuliwe au liandikwe upya. Hilo si kosa la mchezaji na sitamwambia ajikaze. Ningependa waundaji wawaruhusu watu wachague sehemu wanazocheza na kuziacha nyingine, kama baadhi yao walivyoanza kufanya.

Na ningependa waige kilichofanywa mwaka 2017 na kampuni ya Ubisoft katika mchezo wake wa Rainbow Six Siege. Msimu mmoja mzima, ambao kwa ratiba ulipaswa kuleta wahusika wapya na ramani mpya, waliutumia kurekebisha seva na hitilafu, wakauita Operation Health. Wengi walinuna wakati ule kwa kukosa vitu vipya. Kwangu huo ni msimu wa heshima kubwa kwa anayecheza, kwa sababu mtu hawezi kukubali kushindwa kwa haki kama hana hakika kwamba risasi yake ilifika.

Jambo la mwisho ni maelezo yenyewe. Yapo yanayotaja namba tupu, na Valve wanajulikana kwa ufupi huo. Wapo, kama waundaji wa Valorant, ambao mara nyingi huandika na sababu: mhusika huyu alikuwa akishinda bila kuhatarisha maisha yake, ndiyo maana tumempunguzia uwezo huu. Mimi naitaka sababu. Ukipewa namba bila sababu unajua nini cha kukariri. Ukipewa sababu unaelewa waundaji wanataka watu wapigane vipi, na unaweza hata kukisia watagusa nini baadaye. Mabadiliko ya kimyakimya, yasiyoandikwa popote, ni kumvunjia mchezaji imani, hata yakiwa madogo.

Kama umekaa miezi kadhaa bila kucheza na unataka kurudi, usijaribu kusoma masasisho yote uliyoyakosa. Mengi yameshafutwa na yaliyofuata. Soma la mwisho na lile lililoanzisha msimu. Fungua mipangilio yako uhakikishe kasi ya kulenga haijarudishwa ilivyokuwa kiwandani. Nenda uwanja wa mazoezi, fyatua magazini nzima ukutani bila kuirudisha bunduki kwenye shabaha, utazame inavyopiga teke na kuelekea wapi. Kisha ucheze mechi zisizohesabiwa mpaka mikono izoee, ndipo uziguse zile za daraja.