Chupa ya Harusi Juu ya Jiko

SWALI: Shikamoo mama. Tulipofunga ndoa, miaka 9 iliyopita, tulizawadiwa chupa ya mvinyo mwekundu. Tumeisimamisha kwenye kabati juu ya jiko tukisubiri ikomae. Sasa tumepata mtoto wa kike, na nataka kumwekea chupa nyingine mpaka afikishe miaka 21. Je, ile ya harusi bado ni nzima? Na hii mpya niitunzeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana kwa mtoto. Ile ya harusi ifungueni wiki hii, mwonje wenyewe kabla ya kuita wageni.

Mvinyo mwingi hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache tu. Ukiuweka zaidi, unachoka. Unaofaa kuwekwa ni ule wenye akiba ya asidi, ya sukari, au ya tanini, yaani kile kinachokausha ulimi kama chai iliyosahauliwa na majani yake. Miaka inavyopita, tanini hushikana, huwa nzito na kuzama kama mashapo. Ukali hupungua, wekundu hupauka kuelekea rangi ya tofali, na harufu ya matunda huwapisha uyoga, ngozi na majani makavu. Mweupe huenda kinyume: rangi yake hukolea.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hilo kabati. Mkipika, mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo. Jiko likipoa, hunywea na kuvuta hewa ndani. Tena chupa imesimama, kwa hiyo kizibo kimekauka. Itazameni kwenye mwanga: ikiwa mvinyo umeshuka chini ya shingo hadi mabegani, hewa imekwisha kuingia.

Jambo hili nalijua kwa uchungu. Niliwahi kulaza chupa 6 za Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, chini ya ngazi, nikaona giza latosha. Sikujua kwamba nyuma ya ukuta ule lilipita bomba la maji ya moto. Baada ya miaka 4 nikafungua ya kwanza: kizibo kilikuwa kimechomoza, shingo inanata, na mvinyo una ladha ya jamu iliyoungua. Zote 6 zilikuwa hivyo hivyo. Iliniuma, kwa sababu mvinyo wenyewe haukuwa na kosa lolote.

Kinyume chake, mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta chupa 168 za Champagne kwenye meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, katika Bahari ya Baltiki, kina cha mita 50 hivi. Zilikuwa zimekaa humo kwa takriban miaka 170, na baadhi bado zilinyweka. Huko chini kuna giza, na baridi haibadiliki.

Nawe mtafutie ya mtoto mahali pa namna hiyo ndani ya nyumba. Nyuzi 12 au 13 za Selsiasi ndizo bora, lakini mimi ningechagua 16 zisizobadilika kuliko 12 leo na 22 kesho. Ilaze, kizibo kiloane muda wote. Yenye kifuniko cha kuzungusha haihitaji kulazwa. Friji ya jikoni inafaa kwa wiki kadhaa, si kwa miaka, maana hewa yake kavu hukausha kizibo.

Kwa miaka 21 ningenunua Port, ule mvinyo mtamu na mkali wa Ureno, ya mwaka aliozaliwa, ikiwa mwaka huo watengenezaji wataona zabibu zinastahili. Usihangaike kuitafuta sasa: hukaa kwenye mapipa miaka 2 hivi kabla ya kutiwa chupani, kwa hiyo utaipata binti akiwa tayari anakimbia. Wakiuacha mwaka huo, tafuta Riesling tamu, mvinyo mweupe wa Ujerumani. Nunua chupa 3 ukiweza, moja uionje akifika miaka 15 ujue zinavyoendelea.

SWALI: Mama, tukibakiza nusu chupa, hukaa siku ngapi?

JIBU: Siku 3 hadi 5, ndani ya friji, hata kama ni mwekundu. Mimi humimina mabaki kwenye chupa ndogo safi nikaijaza mpaka mdomoni, nikaiziba. Hewa ikikosa nafasi, mvinyo hukawia kugeuka siki.