Ulemavu, toba na msamaha: fungua hilo furushi kwanza

Mleta mada anasema uti wa mgongo uliumia kwenye ajali, sasa yuko kwenye kiti mwendo. Kanisani anaambiwa atubu ili asimame. Nyumbani anamfokea mama yake anayemhudumia, na usiku hapati usingizi kwa kuhesabu dhambi zake. Anauliza atajuaje kama amesamehewa.

Mkuu, umefunga mambo matatu kwenye furushi moja, ndiyo maana halibebeki.

La kwanza ni hilo la "tubu usimame". Fungua Marko 2. Yule aliyepooza, aliyeshushwa darini na watu wanne, alisamehewa akiwa bado amelala. Kutembea kulikuja baadaye, waandishi, yaani walimu wa sheria, walipoanza kuwaza mabaya mioyoni. Msamaha haukusubiri miguu. Kwenye Yohana 9 wanafunzi walitaka kujua nani alikosa, kipofu au wazazi wake, wakajibiwa si huyu wala si wale. Paulo naye aliomba mara 3 mwiba wa mwilini mwake uondolewe, haukuondolewa (2 Wakorintho 12). Na akitokea mhubiri wa kukuambia uache dawa ili uonyeshe imani, mkimbie. Mwenye kifafa akikata dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma, na hilo huua.

La pili, chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande mmoja andika ulichotenda kwa kutaka: tusi, uongo, sahani uliyoisukuma makusudi. Upande wa pili weka usichokiweza: kujikojolea, kushindwa kupiga magoti, kukosa ibada kwa sababu kanisa lina ngazi 12 na hakuna wa kukubeba. Upande huu wa pili hauna cha kutubu. Huenda ukimaliza ukakuta ndio mrefu kuliko ule wa kwanza. Kama mikono haishiki kalamu, jirekodi kwenye simu kisha ufute. Usimwandikishe mama, maana yeye ndiye uliyemkosea. Hasira au huzuni ikikushika karibu kila siku kwa zaidi ya wiki 2, mwambie daktari. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, haitubiwi, inatibiwa.

La tatu ni mama, na hapa ndipo watu huharibu. Usimwombe radhi akiwa anakuosha au anakugeuza. Mtu aliyekushika ubavu saa 8 usiku ili usipate vidonda vya kulalia hawezi kukuacha njiani akaenda kulia jikoni. Atasema "yameisha mwanangu" ili amalize kazi. Subiri akae, mikono yake iwe mitupu. Kisha taja tendo lenyewe: "Mama, juzi uliponibadilisha shuka nilikuambia huna maana. Nilikukosea. Naomba unisamehe." Ukianza na "kama nilikukwaza", umemwachia yeye kazi ya kuthibitisha. Ukimalizia na "ni maumivu tu", umejitetea. Maumivu ni ya kweli, ila yana siku yake. Halafu nyamaza. Asipojibu siku hiyo, usimdai jibu.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakuishia kwenye kuomba radhi, aliahidi kurudisha mara nne. Wewe unaweza kurudisha muda. Iombe jumuiya au kina mama wa kanisa kitu chenye saa: "Jumamosi saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, nani atakaa nami ili mama apumzike?" Ukiwaambia "naomba msaada" tu, watakuombea na kuondoka.

Kwa waliouliza kuhusu kumsamehe dereva aliyesababisha ajali: kumsamehe hakufuti madai ya bima. Fuatilia haki yako bila kinyongo.

Kuungama kwa Wakatoliki: padre anakuja nyumbani, mtume mtu parokiani. Zima televisheni, wote watoke, hata mama. Asiyesikia anaweza kuandika au kutumia mkalimani, na mkalimani anafungwa na siri vilevile. Anayesema kwa shida apatane na padre mapema, kwa mfano kufumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Ile saa 1 ya kufunga kabla ya komunyo haimfungi mgonjwa, wala anayemhudumia. Kwa hiyo meza dawa zako na uji kwa saa yake. Walutheri na Waanglikana, mpigieni mchungaji, naye huja nyumbani na meza ya Bwana.