Udongo mweusi wa mbugani: chimba kwanza, panda baadaye

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu ardhi na kilimo. Mara hii barua nyingi zimetoka Lindi na Mtwara, na karibu zote zinagusa udongo mzito wa mbugani.

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Nimepata ekari 3 mbugani, upande wa Nangurukuru. Ni nyasi tupu na migunga michache, udongo mweusi tii. Kiangazi ardhi inapasuka mpaka unaogopa ndama asivunjike mguu. Watu wanasema weusi ule ni rutuba, nipande chochote. Bwana shamba yeye kasema nichimbe shimo niandike maelezo ya kila tabaka, ndipo tuzungumze habari ya mazao. Shimo nilichimbe vipi, na niandike nini? (Msomaji, Kilwa)

JIBU: Ndugu yetu, mshike bwana shamba wako. Sehemu kubwa ya pwani ya Kilwa imekaa juu ya miamba ya mfinyanzi iliyotokana na matope ya bahari ya kale. Wanajiolojia wameyapa matabaka yake majina ya Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Mwamba wa namna hiyo ukichakaa hauachi kingine ila mfinyanzi, na mvua huushusha mabondeni. Kwa hiyo tarajia mfinyanzi. Usichoweza kujua bila kuchimba ni kama unavimba na kunywea, chokaa iko kina gani, na maji hukwama wapi.

Weusi usikuhadae. Katika udongo wa mbuga, mboji kidogo iliyoshikana sana na chembe za mfinyanzi inatosha kuutia weusi wote huo. Mara nyingi udongo huo huo una upungufu wa naitrojeni na fosforasi.

Fanya kazi hii Agosti au Septemba, nyufa zikiwa wazi. Anza na uso wa ardhi kabla hujaukanyagakanyaga. Mbuga nyingi za aina hii zina vinundu na vibonde vinavyopokezana, na kinundu huweza kuwa na udongo tofauti na kibonde kilicho hatua chache tu kando yake, basi shimo likate vyote viwili ikiwezekana. Pima nyufa: upana kwa rula, kina kwa kushusha waya mnene mpaka ugome, na umbali kutoka ufa mmoja hadi mwingine. Ufa wenye upana wa sentimita 1 au zaidi ukifika kina cha sentimita 50, una dalili nzito ya mfinyanzi unaovimba. Kaa mbali na kichuguu (udongo wake mchwa wameupandisha kutoka chini), njia ya ng'ombe na mahali palipokuwa na zizi.

Shimo liwe na urefu wa mita 2, upana mita 1, kina mita 1.5, na ngazi upande mmoja. Ukuta utakaousoma uelekee jua, na juu yake pasikanyagwe wala pasitupwe udongo. Udongo wa juu na wa chini uweke marundo mawili, mita 1 au zaidi kutoka ukingoni, ili ukifukia urudishe kila kitu mahali pake. Hapa tunakusihi: mfinyanzi wenye nyufa hubomoka bonge zima kwa mara moja. Usiingie peke yako, usiingie baada ya mvua, na ukitoka zungushia miiba.

Sululu huusugua ukuta ukang'aa, na mng'aro huo utakuchanganya baadaye. Chukua kisu, anzia juu, chokonoa vibonge vidogovidogo mpaka uso wa asili uonekane. Tundika futi, sifuri ikiwa juu.

Sasa soma. Sentimita 3 hadi 5 za juu mara nyingi ni chengachenga kavu za milimita chache. Hizo udongo hujitengenezea wenyewe kwa kulowa na kukauka mara nyingi, na ni kitalu kizuri cha mbegu. Ukikuta gamba gumu badala yake, andika. Huenda ardhi ililimwa ikiwa mbichi. Chini yake, hadi sentimita 30 hivi, utaona mabonge yenye kona kali na mizizi mingi ya nyasi. Hesabu mizizi ndani ya mraba wa sentimita 10 kwa 10, uone inapungulia wapi.

Kati ya sentimita 30 na 100 ndipo kiini cha habari. Vunja bonge kwa mikono, usikate kwa kisu. Ukiona linaachana kwa umbo la kabari, na nyuso za kabari hizo zimelala mshazari, zinang'aa na zina mikwaruzo midogo inayoelekea upande mmoja, umepata ushahidi. Mvua ikinyesha, udongo wa chini huvimba na hauna pa kwenda. Bonge husukuma bonge, zikasuguana. Mizizi iliyo katikati utaikuta imebanwa bapa au imekatika. Andika ukubwa wa kabari, mlalo wake, na kina ambapo nyuso zinazong'aa zinaanzia na kuishia.

Kwenye mita 1 kushuka, weusi hupungua, rangi huelekea kijivu au kahawia, na vijiwe vyeupe vya chokaa huanza kuonekana. Dondoshea asidi hafifu ya haidrokloriki kama bwana shamba anayo. Maji ya ndimu nayo hufaa, ila povu lake ni dogo, inamisha sikio usikie. Andika povu linaanzia kina gani. Likianzia juu kabisa, pH (kipimo cha tindikali ya udongo) iko juu ya 7, na mpunga wako utakuwa na hatari ya kukosa zinki. Mabaka ya rangi ya kutu ndani ya kijivu yanakuonyesha maji hukaa hapo sehemu ya mwaka.

Rangi iandike mara mbili, udongo ukiwa mkavu na ukiwa umelowa, kivulini usiisome. Wenye kitabu cha rangi cha Munsell huandika mfano 10YR 2/1: sehemu ya kwanza ni aina ya rangi, namba inayofuata ni wepesi wake (ndogo ni giza), ya mwisho ni ukali wa rangi. Huna kitabu, linganisha tabaka na tabaka kwa maneno yako. Andika pia ushikamano: mkavu unavunjika kwa vidole au kwa nyundo, mbichi unanata kiasi gani.

Usihangaike ukikosa mistari iliyo wazi kati ya tabaka. Mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde nao hubadilika taratibu, lakini hapa kuna sababu ya ziada: chengachenga za juu huanguka ndani ya nyufa kila kiangazi, na udongo wa chini husukumwa juu kila masika. Mpaka wa tabaka huwa wa mawimbi na hutawanyika kwa sentimita 10, 15 au zaidi. Andika hivyo hivyo. Ukilazimisha mstari ulionyooka, umeandika udongo usiokuwapo.

SWALI: Nimefanya kile kipimo cha chupa: udongo, maji na sabuni ya unga, nikatikisa. Asubuhi yake mfinyanzi ulichukua karibu chupa nzima, mchanga kidogo tu chini. Kuna udongo wa hivyo kweli? (Mama mkulima, Ruangwa)

JIBU: Mama, mfinyanzi ni mwingi, ila chupa imezidisha. Mchanga hutua ndani ya dakika 1, chembe za kati zinazoitwa tope laini huchukua kama saa 2, mfinyanzi siku nzima au zaidi. Tatizo ni kwamba mfinyanzi unaovimba hutua ukiwa umejaa maji, kwa hiyo tabaka lake linaonekana nene kuliko uzito wake halisi. Weka alama ya mchanga na ya tope laini kwa wakati wake, kisha acha chupa siku 2 au 3 bila kuigusa ndipo upime ya mfinyanzi, na hata hapo ichukulie kuwa makadirio.

Kwa udongo wako kuna vipimo viwili vya mkono vinavyosema zaidi. Cha kwanza: lowesha udongo uliojaa kiganja, ukande dakika 2 mpaka usiwe na vibonge, halafu uusukume kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada utoke utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, ni tifutifu. Hadi 5, ni tifutifu yenye mfinyanzi. Ukipita 5 bila kukatika, ni mfinyanzi. Ukandaji usiukatishe, maana chembe za mfinyanzi zilizogandamana hujifanya mchanga mwanzoni.

Cha pili kinapima kuvimba. Kanda udongo uwe laini kama wa kufinyangia chungu, viringisha kijiti kinene kama kidole, kirefu kidogo kupita sentimita 10. Juu yake chora kwa ncha ya wembe alama 2 zilizoachana sentimita 10 kamili. Kilaze kwenye karatasi ya plastiki iliyopakwa mafuta kidogo, kivulini, ukigeuze kila siku kisipinde. Kikishakauka kabisa, pima tena kati ya alama. Ukipata 9.4 au pungufu, udongo unavimba na kunywea kwa nguvu. Ukipata 9.7 au zaidi, kuvimba ni kidogo. Kikipasuka katikati, ulikikausha juani, rudia. Tengeneza vijiti 3 kwa kila tabaka, chukua wastani.

Hicho kijiti kitakusaidia hata kabla ya kujenga. Nyumba ya msingi mfupi juu ya udongo wa 9.4 hupasuka ukuta kwa mshazari kwenye kona za madirisha, kwa kuwa udongo wa pembeni hulowa na kukauka huku wa katikati ukibaki vilevile.

SWALI: Mikorosho yangu ya juu inastawi, ya bondeni kwenye udongo mweusi inakuwa njano na mingine imekufa ikiwa na miaka 3. Nipulize salfa zaidi? (Mkulima, Nachingwea)

JIBU: Hapana, mzee wetu, usiongeze gharama. Salfa ni ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Haisaidii mizizi inayokosa hewa. Mkorosho unataka udongo wenye kina na unaopitisha maji. Mbugani masika nyufa hujifunga, maji husimama, mizizi inakosa pumzi. Kiangazi nyufa zinafunguka na kuikata iliyobaki.

Kabla ya kujazia mingine, chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji, liache yanywee, kesho yake ulijaze tena. Kipimo ni kile cha mara ya pili, maana mara ya kwanza maji hukimbilia kwenye nyufa na kukupa matumaini ya bure. Yakiwa bado yamesimama baada ya saa 24, hapo si pa korosho. Papange kwa mpunga wa majaruba, au mtama juu ya matuta, kisha choroko au dengu kwa unyevu unaobaki baada ya mpunga. Ufuta nao hauvumilii maji yaliyosimama, uupande kwenye matuta yaliyoinuka au uuache kabisa.

SWALI: Trekta huja mvua zikianza, na mwenye trekta hasubiri. Nitajuaje udongo uko tayari kulimwa? (Msomaji, Mtwara Vijijini)

JIBU: Chimbua udongo wa kina cha sentimita 10 hadi 15, usitumie wa juu. Uviringishe kati ya viganja uwe uzi wa milimita 3. Uzi ukitoka mzima na kupinda bila kukatika, ni mbichi mno: jembe litaulainisha chini ukawa sakafu isiyopitisha mizizi wala maji, na vipande vitakauka vikawa matofali. Ukikatikakatika unapokaribia milimita 3, lima siku hiyo. Ukigoma hata kuviringika na bonge halivunjiki kwa mkono, subiri mvua nyingine. Nafasi hii mbugani ni ya siku chache tu, basi mpatane na mwenye trekta aanze na mashamba ya mchanga, ya mbugani ayafuate.

Jambo lingine: mvua ndogo za mwanzo zisikutie haraka ya kupanda. Mfinyanzi huyashika maji ya kwanza kwa nguvu kuliko mzizi unavyoweza kuyavuta, kwa hiyo mche hunyauka udongo ukiwa bado na unyevu mkononi.

SWALI: Nataka kupeleka udongo maabara. Nichukue wapi, na niombe vipimo gani? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Tenganisha mambo mawili. Kwa ajili ya mbolea, zunguka shamba kwa mwendo wa kupinda huku na huku, chukua udongo wa sentimita 0 hadi 20 kwenye vituo 15 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, gawa mafungu manne, tupa robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ibaki nusu kilo. Kwa ajili ya tabaka za shimo, chukua nusu kilo kila tabaka bila kuchanganya, ukianzia tabaka la chini kupanda juu, ili vumbi la juu lisiangukie usilochukua bado.

Anika kivulini, mbali na jiko na majivu. Lebo iandikwe kwa penseli, wino huyeyuka: shamba, kina, tarehe, zao lililopita. Omba pH, kaboni ya mboji, naitrojeni, fosforasi, potasiamu, zinki, sodiamu na kiasi cha mfinyanzi. Kama udongo ulitoa povu kwenye ndimu, waambie mapema wapime fosforasi kwa njia ya Olsen, maana njia ya Bray imekusudiwa udongo wenye tindikali na kwenye chokaa hutoa jibu la kupotosha. Maabara za udongo zipo kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kwa ushauri wa mazao ya kusini, TARI Naliendele iko nje kidogo ya mji wa Mtwara. Nenda na karatasi ya majibu pamoja na maelezo ya shimo, vyote viwili.