Binti wa Lindi anataka tamathali zote za Vuta N'kuvute

Juzi binti mmoja wa kidato cha sita kule Lindi kaniandikia: "Shikamoo kaka. Naomba tamathali zote za Vuta N'kuvute, mtihani umekaribia." Marahaba, mdogo wangu. Hizo mbinu za lugha zote sikupi.

Riwaya hiyo ya Shafi Adam Shafi niliisoma hapa Mtwara nikisubiri pantoni ya Msangamkuu, kitabu hakina jalada kwa kupita mikono mingi. Wenzangu walijaza daftari tashbiha, zile za "kama" na "mithili ya". Mimi niliandika kwamba taharuki moja, ile hamu ya kujua kitakachotokea, inabeba mapenzi na siasa kwa pamoja: Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar, akichelewa, hujui yuko kwenye kikao cha siri au Inspekta Wright wa polisi keshamtia mbaroni, na roho juu aliyo nayo mpenzi wake Yasmin ndiyo roho juu ya kila anayesakwa na serikali ya Mwingereza. Mwalimu akalisoma jibu langu mbele ya darasa, kwa sauti ya kubana pua, kisha akanirudishia na wino mwekundu: "Umbea. Taja mbinu!" Wakacheka mpaka waliokuwa hawajasoma kitabu. Hadi leo nikikutana naye sokoni namwamkia, ila sisimami.

Mtihani wa mwisho nikaandika vilevile, tena kwa kirefu. Kiswahili nikapata A. Nalisema bila haya.

Basi sikiliza. Ukitaja mbinu, sema inafanya kazi gani. Yasmin anaikimbia ndoa aliyoozeshwa kwa mzee Raza, nduguze wanamkataa, anapokelewa na Mwajuma kule Ng'ambo, mitaa ya Waswahili mjini Unguja. Ukiandika "kuna kinaya", yaani mambo kwenda kinyume na yalivyotarajiwa, ukaweka nukta, hujasema kitu. Binti wa Kihindi anafungiwa mlango na jamaa zake kwa ajili ya heshima, anakuja kusitiriwa na Mswahili maskini, mpenda taarabu na starehe, ambaye jamaa hao hawamhesabu kuwa mtu. Mkoloni aliwapanga watu kwa rangi. Msichana mmoja anaupangua mpango huo kwa miguu yake, wala hapo hakutumwa na mkutano wa siasa. Mimi hapo naona Shafi kapiga bao kuliko kwenye maneno yote ya akina Denge.

Tashbiha weka mbili tatu, usipoteze muda. Narudia: kazi ya mbinu! Vijana mmezoea vya kutafuniwa, mkiona kitabu kinene mnatafuta muhtasari, halafu matokeo yakitoka mnalaumu msahihishaji. Kisome chote, mdogo wangu. Kisha niandikie aya moja tu ya kinaya, ya kwako, unitumie kabla ya Ijumaa.