Unyoya wa Sabaki unasema nini: kwa wanaoanza kupima sumu katika ndege

Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi, ukiwa umebeba maji yaliyopita Nairobi, mashamba ya Athi na nyika ya Tsavo. Ndege wanaochokora tope la mlango wake wanakula na yaliyoshuka nalo. Kabla ya kuokota chochote, amueni mnatafuta sumu gani, maana kila sumu ina makao yake mwilini. DDE, masalio ya dawa ya wadudu DDT, hukaa kwenye mafuta: itafuteni kwenye yai au ini. Risasi (ile metali, si ya bunduki) iliyoliwa karibuni iko kwenye damu, ya muda mrefu iko mfupani. Zebaki hushika protini ya unyoya.

Hapo kwenye unyoya ndipo wengi wanapoteleza. Ukishakomaa haupati damu tena, kwa hiyo unasimulia zile wiki ulizokuwa ukiota tu. Kitwitwi mchanga aliyeanguliwa Siberia akifika Sabaki kusi inapoisha, unyoya wa bawa lake unasema habari za Siberia. Mkubwa wa aina ileile kwa kawaida hubadilisha manyoya ya mabawa akiwa huku Afrika. Mkiwachanganya hao wawili, hesabu yote imeharibika. Tenganisheni umri kwanza. Tena, manyoya ya bawa moja hayalingani: yaliyoota mwanzo huwa na zebaki zaidi. Afadhali manyoya madogo matano hadi kumi ya kifuani, yapimwe pamoja.

Yaosheni kwa asetoni, kisha maji yaliyotoneshwa, mara tatu kwa zamu. Vumbi litatoka, lakini risasi iliyoganda juu haiishi yote. Matokeo ya risasi kwenye unyoya yasomwe kwa tahadhari. Yahifadhini makavu ndani ya bahasha ya karatasi. Plastiki hufungia unyevu, na ukungu ukaingia.

Ini likatwe vipande viwili. Cha DDE kifungwe kwa foili iliyosuuzwa kwa asetoni. Cha metali kiingie chombo safi cha plastiki. Vyote friza, nyuzi 20 chini ya sifuri. Glavu ziwe zisizo na poda, na mikono isiwe na dawa ya mbu wala petroli ya mashine ya boti. Acheni chombo kimoja kitupu wazi palepale mnapofanyia kazi, kipelekwe maabara pamoja na vingine: sumu ikionekana humo, imetoka kwenu.

Andikeni kama kipimo ni cha uzito mbichi au mkavu. Ini ni maji takriban asilimia 70, hivyo namba ya mkavu huzidi ya mbichi zaidi ya mara tatu.

Kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) na cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) viwe mkononi kabla ya kugusa ndege.

Mkikuta ndege wengi wamekufa kwa pamoja, msiwaguse kwa mikono mitupu. Huenda ni homa ya mafua ya ndege. Ikiwa ni dawa ya shambani kama kabofurani, haikurundikana kwa miaka: imeua kwa saa chache. Hapo kinachotakiwa ni tumbo pamoja na chakula kilichomo, na ubongo, viwe kwenye barafu siku hiyohiyo.